Anti, mume wangu anataka mtoto, mimi naiogopa dunia atakayoikuta

Shkamoo anti. Nakuomba usitaje jina langu wala shule ninayofundisha maana Unguja ndogo, mtu akisoma nusu ya barua hii ashanijua.

Mie ni mwalimu wa jiografia sekondari, nina miaka 31, nimeolewa, na mume wangu ni mtu mwema kwakweli, fundi umeme, hana makuu, hatujawahi kulala na njaa. Tatizo letu ni mtoto. Yeye anataka, kwao wanataka, mawifi zangu kila nikienda wananitazama tumbo kabla hawajanitazama uso. Tukilikaribia tu hilo suala mie nasema bado, tumalize kwanza chumba cha uani, subiri nipandishwe daraja. Ukweli anti si chumba wala daraja, ukweli ni kwamba naogopa. Naogopa huku dunia inakokwenda, naona kumleta mtoto saa hizi ni kumpakia kwenye chombo ambacho mwenyewe najua kinavuja.

Mama yangu yuko Jambiani, katulea kwa mwani. Baba alifariki sisi wadogo kwahiyo ada, yunifomu, madaftari, hata mashine ya kwanza ya kushonea aliyomnunulia dada, vyote vimetoka kwenye kotoni, ule mwani wenye bei. Nilipokuwa mdogo bamvua ikifika, zile siku maji yanapopwa sana, tunashuka nae, maji yakipwa tunakwenda mbaaali mpaka kwenye vigingi vyake, kazi yangu ilikuwa kufunga vipande vya mbegu kwenye kamba, vidole vinachubuka na maji ya chumvi yanaingia humo humo. Kotoni ilikuwa nene, ukivuta kamba unausikia uzito. Sasa hivi kotoni haikai anti. Matawi yanaanza kulegea, yanapauka mpaka meupe, ukilishika linakatika mkononi, ukirudi bamvua inayofuata unakuta kamba tupu na vigingi vyake. Mama anasema zamani ukiwa ndani ya maji jua likiwa kali angalau miguu inapoa, siku hizi miguu ndo inaungua. Kabaki na spinosamu, mwani wa aina nyengine ambao unavumilia joto lakini bei yake haina maana, anabeba magunia kwa pesa ambayo mie nikiiona nageuza uso.

Alafu nikienda kazini ndo hayo hayo nafundisha, tabianchi, gesi joto, bahari kupata joto. Kuna mwanafunzi mmoja wa kike, hukaa mbele, alininyooshea mkono akaniuliza mwalimu sasa sisi tukishakuwa watu wazima Zanzibar itakuwepo? Nikampa jibu la kitabu, kipindi kilipoisha nikaenda chooni nikalia.

Usiku ndo balaa. Mume akilala mie na simu. Naanza na habari moja tu, kwamba 2024 ndo mwaka wa moto kuliko yote iliyowahi kupimwa na zile nyuzi 1.5 walizosema tusizivuke tumezivuka, kutoka hapo naenda Katesh, ile Desemba 2023 matope ya mlima Hanang yalivyofunika watu na nyumba zao, naenda Mai Mahiu kule Kenya Aprili 2024 maji yalivyowasomba watu usiku, kisha Sudan, kisha Gaza, kisha Goma, nakuja kushtuka adhana ya alfajiri hiyo. Moyo unadunda, kifua kinabana, asubuhi naingia darasani macho mekundu.

Mei 2024 walipotangaza kimbunga Hidaya na boti za Dar zikasimama sikulala kabisa, nampigia mama kila saa na yeye ananambia lala mwanangu. Kimbunga kikapungua nguvu upande wa Mafia, kesho yake watu wakawa wanasema si mnaona, hamna kitu. Mie sikuweza kuona hamna kitu.

Mume wangu nilimwambia mara moja tu. Alinyamaza, akasema riziki ya mtoto anaitoa Mungu, sasa wewe humuamini Mungu au hunitaki mimi? Tokea hapo tunaongea ya sokoni na bili ya umeme tu. Shoga yangu kaniambia hayo mambo ya kizungu, watu walioshiba ndo wanaogopa hali ya hewa. Mama sijamwambia kabisa.

Anti nakosea kuogopa? Nifumbe macho nizae, au nimwambie mume wangu atafute mwengine wa kumzalia kabla sijampotezea muda zaidi?

Mwalimu, Unguja

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara kadhaa kabla sijakujibu, maana unaniuliza habari ya mtoto lakini mle ndani kuna na mama yako ameinama kwenye maji, kuna mume aliyenyamaza, kuna mwanafunzi aliyekuuliza swali ukamjibu na kitabu, na kuna wewe na simu usiku wa manane. Vyote umevifunga kamba moja ukavibandika jina la mtoto. Nadhani ndo maana hili suala limekuwa zito kiasi hicho, kila mkilinyanyua mnanyanyua na mengine yote.

Niliondoe kwanza hili la mambo ya kizungu maana naona limekuuma na limekufanya ujione una kasoro. Mwaka 2021 jarida moja la madaktari lilichapisha utafiti uliowauliza vijana 10,000 wa miaka 16 mpaka 25 katika nchi 10, wakiwemo wa Nigeria, India na Ufilipino. Karibu wanne katika kila kumi walisema wanasita kuzaa kwa sababu ya tabianchi. Na waliosema khofu hii inawavuruga kula, kulala, kusoma, walikuwa wengi zaidi huko huko kwenye nchi maskini kuliko Ulaya. Kwahiyo shoga yako anakupenda lakini hapo hakupatia. Wewe hujaokota khofu kwenye simu, umeikuta kwenye kamba ya mama yako ukiwa umeishika kwa mkono. Simu imekuja baadae kuichochea.

Sasa ruhusa nikuulize kidogo, tena nakuuliza kama mwalimu maana haya unayajua kuliko mimi. Unasema unajua chombo kinavuja. Sawa, kinavuja, sitokudanganya kwamba hakivuji. 2024 kweli joto la dunia lilipita nyuzi 1.5 juu ya lile la zamani kabla ya viwanda, na ni mara ya kwanza kwa mwaka mzima. Lakini si wewe unayejua kwamba mkataba wa Paris wa 2015, ule wa mataifa kuhusu tabianchi, unatazama wastani wa miaka mingi, sio mwaka mmoja? Na si wewe unayejua kwamba kabla ya mkataba ule makadirio yalikuwa yanatupeleka kwenye nyuzi 4 hivi ifikapo mwisho wa karne, na sasa kwa sera zilizopo tunaelekea karibu na 3? Tatu ni mbaya, mbaya sana, mie sikwambii ufurahi. Nnachokwambia ni kwamba ule mstari umesogezwa na mikono ya watu, na ni hao hao wanaoweza kuusogeza zaidi au kuuachia. Wewe usiku unausoma kama hukumu ambayo ishasomwa na hakimu kaondoka.

Umenitajia Hidaya. Watu walisema hamna kitu, na wewe ukabaki na khofu yako peke yako, lakini wote mmepitwa na jambo moja nadhani. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, boti zikafungwa, wavuvi wakavuta vyombo vyao juu. Boti kusimama ndo kitu chenyewe mwanangu. Bangladesh kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua laki tatu, nchi ile ile Mei 2020 kimbunga Amphan kilipokuja walishahamisha watu zaidi ya milioni 2 na waliokufa kwao walikuwa makumi tu, ingawa nyumba na mashamba viliharibika vibaya. Kila kimbunga kina nguvu yake na pa kupiga kwake, ila katikati hapo walijenga majengo ya kukimbilia, wakaweka onyo la mapema, wakapata vijana wa kujitolea wanaopita mlango kwa mlango. Bahari ni ile ile na nchi bado ni masikini. Sikupi hii ikutulize, nakupa kwasababu habari zako za usiku zina misiba peke yake, na mtu akila misiba tu anafika pahala anaamini hakuna mwengine anayefanya kazi.

Ila na mimi nina hasira, nisikufiche. Afrika nzima inatoa kama asilimia 4 tu ya hewa chafu ya dunia, na kina mama wa Jambiani na Paje hawajawahi kuwa hata kwenye hesabu hiyo, lakini ni miguu yao inayoungua. Kule Kisiwa Panza Pemba maji ya chumvi yameingia mpaka kwenye mashamba ya mpunga. Nikisoma barua yako nasikia na wewe una hasira hiyo lakini hujaiita kwa jina, umeimeza, na imekuwa khofu. Pengine na huzuni pia. Kotoni ilikuwa ndo baba yenu baada ya baba, imekufa na hakuna aliyeweka matanga. Hebu litazame hilo, inawezekana sehemu ya kilio cha chooni ilikuwa ni hiyo.

Na mama je? Katika barua nzima mama anasema maneno mawili matatu tu, miguu inaungua, na lala mwanangu. Wewe ndo umeshaamua kwa niaba yake kwamba kashindwa. Umemuuliza? Huko huko Jambiani kuna kina mama walioacha mwani wakahamia kwenye sponji za baharini ambazo zinavumilia joto vizuri zaidi, wakajifunza kuogelea wakiwa watu wazima kabisa. Daktari Flower Msuya, mtafiti wetu wa mwani, kwa miaka amekuwa akifanya kazi na wakulima kupeleka kotoni kwenye kina kirefu kwa kutumia nyavu maalum ili ikimbie joto la maji mafupi. Si rahisi, kina kirefu kinataka mashua, kinataka kujua kuogelea, kinataka pesa ambayo hana kila mtu, na wapo waliojaribu wakarudi. Sisemi mama yako akimbilie huko. Nasema nenda kwake, sio kwa simu, shuka nae bamvua, alafu muulize swali ambalo hujawahi kumuuliza, yeye alipokuwa amebaki mjane na watoto wadogo aliiona vipi kesho. Sijui atakujibu nini. Anaweza akakujibu kitu kitakachokuumiza zaidi, lakini itakuwa imetoka kwa mtu aliye ndani ya maji.

Tuje kwa mume wako. Hapa naomba univumilie maana nitamtetea kidogo. Yeye kwa muda mrefu kasikia chumba, kasikia daraja, alafu siku moja akasikia hali ya hewa. Kwake ilikuja ikapanga foleni nyuma ya sababu nyengine, ndo maana akauliza kama humtaki. Swali lile usilichukue kuwa ni la dini tu, mwanaume aliyeuliza hunitaki mimi anaogopa kitu, na wewe hujui anachoogopa kwa sababu mlinyamaza pale pale. Yeye nae anaona joto, anapanda juu ya mapaa ya mabati kuvuta nyaya, huyo si mtu asiyejua jua limezidi. Muulize. Usianze na barafu ya Kilimanjaro wala nyuzi 1.5, anza na kamba ya mama, ikiwezekana mchukue mkaione pamoja, umwambie hii ndo ilinisomesha na tazama ilivyokuwa, mimi hiki ndo kinaniondolea usingizi, si wewe.

Na akirudia riziki anatoa Mungu usimpige na takwimu. Kila mmoja wetu anayajua yale mafundisho ya Mtume ya kumfunga ngamia kwanza kisha ndo utawakali, kwahiyo mtu anaweza kumuamini Mungu na bado akauliza kamba iko wapi. Mnaweza mkakaa mkazungumza hapo bila ya mmoja kumtoa mwenziwe kwenye imani.

Sasa kuhusu mtoto mwenyewe. Mimi sitokwambia zaa wala usizae, na yeyote atakayekwambia kwa haraka, awe wifi au awe mtu wa mitandaoni, hatokuwepo usiku mtoto akilia wala uzeeni ukiwa peke yako. Ila naweza kukutazamishia kila njia ina nini ndani yake.

Kuzaa sasa hivi ili watu wanyamaze, hilo linanitia wasiwasi. Khofu uliyonayo haitotoka na uzazi, kuna wanawake inawazidia baada ya kujifungua, na mawifi wakishapata wa kwanza wataulizia wa pili. Kuzaa kwasababu mmekaa mkaongea na mmetaka, na khofu bado ipo pembeni, hilo ni jambo jengine. Bibi zetu walizaa wakati wa njaa na wakati wa vita na sidhani kama hawakuogopa, ingawa pia wengi wao hawakuulizwa, wewe unaulizwa.

Kusubiri nako kunawezekana. Una miaka 31, muda upo, lakini haupo wa kuchezea, na kusubiri bila kuwekeana wakati ni kuamua kwa mlango wa nyuma, siku moja mtaamka mkute limeshaamuliwa na hakuna aliyelisema. Mkisubiri basi subirini kwa makubaliano, kwamba tutalirudia baada ya masika ijayo kwa mfano, na katikati hapo yeye awaambie kwao wakuache, hiyo kazi ni yake sio yako.

Kutozaa kabisa pia ni maisha, wapo watu wameyaishi vizuri, lakini kwetu huku gharama yake unaijua, itaulizwa kila harusi na kila msiba, na nakusihi isije ikaamuliwa na ile simu ya saa tisa za usiku. Ukiwa umelala vizuri mwezi mzima na bado moyo wako unasema hapana, hapo itakuwa ni wewe unayesema. Kuna na kulea mtoto wa ndugu, desturi yetu tunayoijua wote, wengi wetu tumelelewa na mashangazi, ila usimlete mtoto wa mtu nyumbani kuja kuziba ugomvi wenu, mumeo anaweza akaliona ni danganya toto na mtoto ndo akalipia.

Hilo la kumwambia atafute mwengine, hapo ndo nimesimama kwa muda mrefu kwenye barua yako. Naona unalifikiria ni ukarimu. Lakini huyo mtu hujampa nafasi hata ya kukuelewa, unataka kumpa ruhusa ya kuondoka kabla hajasema anataka kuondoka? Unaweza kumvunja moyo mtu ambaye angebaki. Ila ikiwa ndani yako kuna sababu nyengine ya ndoa hii ambayo hukuiandika, niandikie tena, sitokuhukumu.

Yule mwanafunzi wa mbele nae bado anakusubiri, au ndo mie ninavyohisi. Si lazima umtulize. Unaweza ukamwambia swali lako lilikuwa zuri na hata mimi linanisumbua, hebu tulichunguze darasa zima, muende mkazungumze na wakulima wa mwani, muwaulize wanaopanda mikoko kwanini pahala pengine inakufa na pengine inashika. Usilifanye kwa matumaini kwamba utapona, pengine utachoka zaidi mwanzoni. Lakini utakuwa na watu wa kuogopa nao, ambacho sasa hivi huna hata mmoja.

La mwisho ni mwili wako, na hapa sitobembeleza. Moyo kudunda, kifua kubana, kutolala mpaka alfajiri, hayo ni ya kupeleka kwa daktari wiki hii, sio likizo. Wapime presha na damu kwanza maana isije ikawa kuna ugonjwa wa mwili tunausingizia dunia, na wakikuelekeza kwa mshauri wa afya ya akili nenda, najua watu wetu wakisikia hivo wanafikiria Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya wagonjwa wa akili, na aibu ya mtaa, lakini mtu haendi kule kwa kuwa mwendawazimu, anaenda kwasababu halali. Simu iache ichajiwe chumba chengine usiku, habari zisome mchana, nusu saa inatosha, dunia haitokupita. Na ikitokea usiku mmoja yale mawazo yakageuka yakawa ya kutotaka kuishi, usikae nayo mpaka asubuhi na usiniandikie mimi kwanza, muamshe mume wako hapo hapo muende hospitali.